Namba ya jarida la mawimbi na nyufa za Geita

Msomaji, ukisoma uzamili wa fizikia hapa kwetu kuna swali hulikwepi: jarida unalotaka kuchapisha lina namba ngapi? Wanauliza kipimo cha athari, ile namba ambayo kampuni ya Clarivate huitoa kila mwaka kwa maelfu ya majarida duniani. Leo tuchukue jarida moja la fizikia ya mawimbi, Wave Motion, tulipime na sisi. Na ili tusielee hewani, tulipime tukiwa na tatizo la Geita mkononi.

Tatizo lenyewe unalijua kama umewahi kukaa karibu na mgodi. Mwamba unalipuliwa, ardhi inatetemeka, vioo vya madirisha vinagonga, na baada ya muda watu wanaonyesha nyufa ukutani. Malalamiko ya aina hii yamesikika Geita kwa miaka mingi. Kuna wanaosema ni baruti. Kuna wanaosema nyumba zimejengwa bila msingi wa maana, au ni udongo unaovimba wakati wa mvua na kunywea kiangazi. Kila maelezo yanawezekana, na ufa peke yake hausemi umetoka wapi. Hapo ndipo fizikia ya mawimbi inapoingia.

Mlipuko hutuma mawimbi ardhini. Wataalamu hupima kasi ya juu kabisa ambayo chembe za ardhi zinafikia zinapotikisika, kwa milimita kwa sekunde, na pia hupima ardhi inatikisika mara ngapi kwa sekunde. Mwaka 1980 Ofisi ya Migodi ya Marekani ilipendekeza kwamba kwa mitetemo ya polepole, kikomo kiwe kama milimita 19 kwa sekunde kwa nyumba zenye kuta za bodi ya jasi, na kama 12.7 kwa zile za plasta ya zamani. Kiwango cha Ujerumani, DIN 4150, ni kikali zaidi: milimita 5 kwa sekunde kwenye msingi wa nyumba ya kuishi, mtetemo ukiwa chini ya mitikisiko 10 kwa sekunde. Tofauti si ndogo! Na vyote viwili vilitungwa kwa kuangalia nyumba za kwao. Nyumba ya tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, haina lenta, haimo kwenye hesabu hizo.

Kwa hiyo kuna kazi ya kufanya: kufunga vipima mitetemo kwenye nyumba kama hizo, kurekodi kila mlipuko, na kufuatilia nyufa mwaka mzima, mvua na kiangazi, pamoja na nyumba nyingine za aina hiyohiyo zilizo mbali na mgodi kwa ajili ya kulinganisha. Sasa tuseme umeifanya. Utaipeleka Wave Motion?

Jarida hilo lilianzishwa mwaka 1979, na mhariri mwanzilishi ni Jan Achenbach wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mawanda yake ni mapana kwa namna ya kupendeza: sauti, mwanga, mawimbi ya maji, mawimbi ndani ya chuma, mawimbi ya tetemeko. Wazo ni kwamba hesabu za wimbi zinafanana popote lilipo, kwa hiyo anayechunguza bahari anaweza kujifunza kwa anayetafuta ufa ndani ya bawa la ndege. Hilo ni jambo zuri, na jarida linastahili sifa.

Lakini upana huo una mlango wake. Jarida linataka njia mpya au uelewa mpya wa wimbi lenyewe. Ukiandika jinsi mawimbi ya juu ya ardhi yanavyobadilika yakipita kwenye tabaka la udongo laini lililolalia mwamba mgumu, na hesabu yako ina jipya, karibu. Ukiandika kwamba umepima nyumba kadhaa na umepata kikomo kinachofaa kwa ujenzi wa Geita, mhariri ana haki ya kukurudishia bila hata kuwapa wasomaji wake. Hajakuonea, kazi yako iko nje ya mawanda, basi.

Tuje kwenye namba. Kwa miaka ya karibuni kipimo cha athari cha Wave Motion kimekuwa kikizunguka 2. Hesabu yake ni rahisi: unachukua mara ambazo makala za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, unagawa kwa idadi ya makala hizo. Jarida likiwa na makala 100 zilizonukuliwa mara 200, linapata 2. Jarida moja la saratani, CA, limepita 200. Je, saratani ni sayansi bora mara mia kuliko mawimbi? Hapana. Watafiti wa saratani ni wengi, wananukuliana haraka, na jarida hilo hutoa takwimu ambazo kila mtu anazitaja.

Kwenye mawimbi mambo huenda taratibu. Mwaka 1895 Waholanzi Korteweg na de Vries walichapisha mlinganyo wa wimbi la pekee linalosafiri bila kutawanyika. Umuhimu wake ulionekana sawasawa mwaka 1965, pale Zabusky na Kruskal walipoukokotoa kwa kompyuta. Miaka 70! Dirisha la miaka miwili lisingeona kitu.

Na wastani unadanganya. Acta Crystallographica A, jarida linalohusu jinsi mawimbi ya eksirei yanavyotawanywa na fuwele, lilikuwa na kipimo cha takriban 2 mwaka 2008. Mwaka 2009 kikaruka hadi karibu 50, kwa sababu ya makala moja tu ya George Sheldrick kuhusu programu ambayo kila mtu aliitumia. Makala hiyo ilipotoka kwenye dirisha, 2011, namba ikarudi 2. Waliochapisha humo mwaka ule wa neema hawakuwa wamewazidi wenzao kwa lolote.

Mbona tunajali? Kwa sababu namba hizi zina pesa na vyeo nyuma yake. Serikali yetu imetangaza zawadi ya shilingi milioni 50 kwa watafiti wanaochapisha kwenye majarida ya kimataifa ya hadhi ya juu. Kuwatia moyo watafiti ni jambo jema. Ila mwanafunzi mwenye akili atapiga hesabu: kazi ya nyufa inachukua mwaka, inahitaji nauli na vifaa, na jarida linaloifaa halina jina kubwa. Atachagua modeli ya kompyuta ambayo haihitaji kufika Geita. Tusimlaumu, tumempangia wenyewe.

Kumbuka pia Erasto Mpemba. Andiko lake na Denis Osborne la mwaka 1969, kuhusu maji ya moto kuganda kabla ya baridi, lilitoka Physics Education, jarida la walimu wa fizikia. Wanasayansi wanabishania jambo hilo mpaka leo, na jina la Mtanzania linatajwa kila mara.

Ushauri wetu? Soma mawanda kwanza, kisha soma makala tano za mwaka jana uone kama yako ingekaa kati yao. Namba itazame mwisho, na uilinganishe na majarida ya fani hiyohiyo tu. Kazi moja inaweza kuzaa maandiko mawili: hesabu iende Wave Motion, vipimo viende jarida linalosomeka bure kama Tanzania Journal of Science. Halafu andika kurasa mbili za Kiswahili kwa ofisi ya serikali ya mtaa.

Na ninyi mnaokaa kwenye kamati za kupandisha vyeo: mwaka 2012 wanasayansi na wahariri walikutana San Francisco wakatoa azimio kwamba namba ya jarida isitumike kumpima mtafiti mmojammoja. Someni makala yenyewe. Mwenye ukuta uliopasuka anataka kujua ni milimita ngapi kwa sekunde zilifika nyumbani kwake, na jibu hilo linaweza kuwa kwenye jarida ambalo hamjawahi kulisikia.