Mnara wa Woolf, ukisomwa Singida

Singida hatuna bahari, tuna ziwa Singidani na majabali yake. Huku ndiko nilikosoma To the Lighthouse ya Virginia Woolf (1927). Mnara wa kuongozea meli alioukumbuka ni wa Godrevy, Cornwall, uliojengwa 1859 juu ya kisiwa cha mawe.

James anautamani mnara akiwa na miaka sita. Anaufikia miaka kumi baadaye, mama keshakufa, tena kifo chenyewe kimetajwa ndani ya mabano tu! Hapo Woolf kaniweza.

Ila soksi alizokuwa akifuma mama zilikuwa za mtoto mgonjwa wa mlinzi wa taa. Kwetu, ukifika, kwanza unamuulizia mgonjwa. Safari inaishia kwenye mwamba wa mnara, na mtoto yule hatumwoni kamwe.