Baruti kwa Mizani

Mwaka 1946 John Nosler, mwindaji wa jimbo la Oregon, Marekani, alikwenda British Columbia nchini Kanada kuwinda moose, kulungu mkubwa kupita wote duniani. Akamkuta dume aliyekuwa amegaagaa matopeni hadi tope likamgandia mabegani. Bunduki aliyoshika Nosler ilikuwa .300 H&H Magnum, yenye nguvu za kutosha kabisa. Akafyatua, na mnyama akabaki wima. Akafyatua tena na tena. Kasi ilikuwa kubwa mno kwa vile vichwa vya risasi: vilipasukia juu juu, vikatawanyika kabla ya kufika kwenye moyo na mapafu.

Nosler alirudi nyumbani akaanza kuchonga. Kichwa cha risasi alichobuni kina vyumba viwili vya madini ya risasi, na kati yake ukuta wa shaba. Chumba cha mbele hupanuka kinapogonga. Cha nyuma hubaki kizima na kuzidi kupenya. Alikiita Partition, kikaingia sokoni mwaka 1948, na mpaka leo kinauzwa. Kilizaliwa na mtu ambaye dhamiri yake haikumruhusu kuona mnyama akiteseka kwa sababu ya kifaa kibovu, na hiyo ndiyo roho ya ufundi wa kushindilia risasi kwa mkono.

Mwenye gobori hushindilia kwa mdomo wa mtutu kila anapotaka kufyatua. Mwenye magnum, kama ile ya Nosler, hushindilia mezani, siku nyingi kabla ya safari. Ganda la shaba lililokwisha tumika halitupwi. Fataki iliyokufa, yaani kiwashio cha baruti, hung'olewa, ganda likabanwa kwenye kalibu lirudie umbo lake, likapachikwa fataki mpya, likatiwa baruti iliyopimwa kwa mizani, na mwisho likafungwa kwa kichwa. Kipimo cha washindiliaji ni greni, ambayo ni kama miligramu 65 tu. Mshindiliaji makini hutafuta sehemu ya kumi ya greni, yaani punje chache za baruti, kwa kuwa shinikizo ndani ya chemba ya magnum hupita mara 4,000 ya lile la hewa tunayovuta.

Kabla ya hayo yote kuna ukaguzi, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Maganda ya ukoo wa .375 H&H, iliyotoka Uingereza mwaka 1912, yana mkanda mnene wa shaba karibu na kitako, na ndio unaolizuia ganda lisizame chembani. Kila linapofyatuliwa na kubanwa upya, shaba iliyo mbele kidogo ya mkanda huo huvutika na kukonda. Kwa nje huenda hakuna dalili. Fundi huchukua waya mwembamba, huukunja ncha kama ndoana, huuingiza ndani ya ganda na kuuburuta taratibu kwenye ukuta wake. Ncha ikikwama kwenye kijifereji, ganda hilo limechoka. Hulipondaponda kwa koleo ili mtu mwingine asilirudishe kazini kwa bahati mbaya. Ni ukaguzi wa ncha za vidole, na hauna gharama ila subira.

Vichwa vizito ndivyo vinavyoupima ufundi huu kwa ukali zaidi. Upana wa mtutu haubadiliki, kwa hiyo kichwa kikiongezwa uzito hurefuka. Na kikirefuka hupenya ndani zaidi ya ganda na kula nafasi ya baruti. Kisa cha .458 Winchester Magnum kinaonyesha vizuri. Ilitoka mwaka 1956 kwa ajili ya tembo na nyati wa Afrika, ikiwa na kichwa cha greni 500, zaidi ya gramu 32, katika ganda fupi la milimita 63 na nusu. Baruti ilibidi igandamizwe ipate kuenea. Wawindaji wakaanza kulalamika kwamba baadhi ya risasi hazifikii kasi iliyotangazwa, na kwamba baruti iliyokaa imebanwa kwa muda mrefu hushikana kuwa bonge na kuwaka vibaya. Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959 akiwa na .458, hakuisahau siku ile. Mwaka 1971 akatoa .458 Lott, yenye ganda la takriban milimita 71. Nafasi ikapatikana.

Upande wa baruti, washindiliaji wa Marekani walinufaika na mabaki ya vita. Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti ya jeshi iliyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akawauzia kwa bei nafuu. Miongoni mwake ilikuwamo 4831, iliyokusudiwa mizinga ya milimita 20. Huwaka polepole, na hivyo ndivyo kichwa kizito kinavyotaka: kisukumwe kwa muda, kisipigwe dhoruba moja. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuangusha ndege za kivita kikaishia kwenye meza za wakulima na maseremala wawindaji.

Kuna kishawishi kimoja ambacho huwaponza wengi, nacho ni kutafuta kasi ya mwisho kabisa. Kitabu cha vipimo hutaja mwanzo na kikomo, na fundi mwenye akili huanza chini, akapanda kidogo kidogo huku akitazama fataki kama imebapa na bolti kama inakuwa nzito kufunguka. Mara nyingi shabaha bora hupatikana kabla ya kikomo. Nyati hatatambua tofauti ya mita kumi kwa sekunde, mtutu utaitambua.

Teke la bunduki nalo lina hesabu yake. Risasi moja ikifyatuliwa, zilizobaki kwenye magazini hutupwa mbele kwa kishindo, na kichwa kisichobanwa vizuri huweza kusukumwa ndani ya ganda, nafasi ikapungua na shinikizo likapanda. Ndiyo maana mdomo wa ganda hubanwa kwenye mfereji uliochongwa kuzunguka kichwa.

Mwisho wa kazi huandikwa karatasi na kubandikwa kwenye kasha: tarehe, aina ya baruti na uzito wake, aina ya kichwa, fataki, na idadi ya mara ambazo maganda yametumika. Wewe unayerithi au kununua risasi za kushindiliwa ambazo hazina karatasi hiyo, usizifyatue hata kama zinang'aa. Mpelekee fundi azivunje, baruti iharibiwe kwa usalama, na maganda yakaguliwe upya.