Njia ya Hewa ya Injini: Uhakiki wa Istilahi Katika Maelekezo ya Pikipiki

Miongoni mwa maandiko yanayoletwa mbele yetu ili yapitiwe kabla ya kuchapwa, yapo ambayo makosa yake humchekesha msomaji tu, na yapo ambayo makosa yake humharibia mtu mali. Rasimu tunayoihakiki hapa ni ya aina ya pili. Ni tafsiri ya maelekezo ya utunzaji wa pikipiki, na sehemu yake moja inahusu njia ya hewa: jinsi hewa inavyoingia katika injini, jinsi inavyochujwa, na marekebisho ambayo mwenye chombo anaweza kuyafanya ili pikipiki imtumikie vizuri zaidi katika safari zake za kila siku. Jina la mfasiri hatulitaji, wala la waliomtuma. Kiswahili chake ni kizuri kwa sarufi, na pengine ndiyo sababu hatari yake haionekani upesi.

Tuliichukua rasimu hiyo hadi Iyunga, kata ya Jiji la Mbeya iliyo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, tukaisoma kwa sauti mbele ya mafundi wa pikipiki na madereva wa bodaboda. Hatukuichagua Iyunga kwa bahati. Mbeya ipo kadiri ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa inayoingia katika silinda ni pungufu kwa kadiri ya asilimia 15 kuliko hewa ya Dar es Salaam. Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue sawasawa. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani, ikiletwa huku, huendelea kumimina petroli karibu kama ilivyozoea, na hewa haitoshi. Plagi hutoka nyeusi kwa masizi, chombo hula mafuta, na mlima wa Iwambi hupandwa kwa kusuasua. Ndiyo maana huko Iyunga suala la njia ya hewa si la kitabuni. Kila dereva ana rafiki aliyemwambia atoboe boksi la hewa au atoe chujio kabisa ili injini "ipumue". Maelekezo yatakayofika mikononi mwake yatamwonya au yatamsukuma, kwa kadiri ya maneno yatakayotumika.

Neno la kwanza ni mafuta. Rasimu inasema: "Safisha chujio, kamua, kisha tia mafuta." Mfasiri amekusudia mafuta ya kulainishia, yaani yale yanayolowesha sponji ya chujio ili vumbi lipitapo linase. Lakini dereva wa bodaboda akisema anakwenda kutia mafuta, anakwenda kituo cha petroli. Hana maana nyingine. Tulipoisoma sentensi hiyo, kijana mmoja alijibu bila kusita kwamba chujio lirudishwe likiwa limelowa petroli. Hakukosea hata kidogo katika kuielewa lugha yake. Akitenda hivyo, sponji itabaki kavu muda mfupi baadaye, vumbi litapita moja kwa moja, na mchanga huo mwembamba utasaga ringi na ukuta wa silinda. Hapo hatujataja hatari ya moto, iwapo injini itapigia cheche nyuma kuelekea kwenye sponji iliyolowa petroli. Tatizo hili gereji zililimaliza zamani, tena bila kikao chochote: huita petroli kwa jina lake, na kile kilainishi wanakiita oili. Wapo wenzetu wanaolichukia neno oili kwa kuwa lina harufu ya Kiingereza. Sisi tunauliza tu, petroli nayo ilitoka wapi? Katika maandiko ya kiufundi neno mafuta peke yake lisitumike kabisa. Iandikwe petroli, iandikwe oili, iandikwe grisi.

Katika sentensi ile ile limo neno kamua, ambalo tunakiri kwamba lisingetushtua kama tungeisoma rasimu ofisini. Kiswahili hukamua chungwa, hukamua ng'ombe, hukamua na nguo. Sponji ya chujio inatakiwa ibanwe kwa viganja tu, kama mtu abanavyo machicha ya nazi, lakini anayekamua shati hulisokota kwa mikono miwili. Sponji ikisokotwa hupasuka, na ufa mdogo kama ukucha unatosha kupitisha vumbi la kiangazi kizima, nalo vumbi la Mbeya kati ya Juni na Oktoba mwenyeji hahitaji kuelezwa. Lugha yetu haikupungukiwa hapa. Tunalo songoa kwa tendo la kusokota, na tunalo bana kwa tendo la kushinikiza. Mfasiri angeandika "bana kwa viganja, usisongoe," na jambo lingekwisha. Ni ajabu kwamba tunapojadili istilahi hukesha tukitafuta nomino, na vitenzi tunaviacha vijitafutie wenyewe, ilhali mkono wa fundi huamrishwa na kitenzi.

Sasa tuje kwenye kikaba. Kabureta ina vilango viwili. Kimoja hupunguza hewa wakati wa kuwasha injini baridi. Cha pili hufunguka na kufunga kwa kadiri dereva anavyozungusha mkono wa kulia. Kwa Kiingereza vyote viwili vilipewa majina yenye asili ya kukaba koo, na mfasiri wetu, kwa kuifuata kamusi kwa uaminifu, ameviita vyote kikaba. Katika ukurasa mmoja msomaji anaambiwa afungue kikaba taratibu injini ikishapata moto, na aya mbili mbele anaambiwa kwamba pikipiki ikiwa imesimama kikaba kiwe kimefungwa. Hakuna awezaye kuyatii maagizo hayo mawili pasipo kukisia. Gereji husema choki kwa kile cha kwanza na eksileta kwa cha pili, wala hapana anayechanganya. Tunalijua pingamizi la kawaida, kwamba maneno hayo hayana maana yoyote kwa Mswahili. Ndiyo, na huo ndio uzuri wake katika mahali hapa: kwa kuwa halina maana nyingine, choki haliwezi kuelekeza penginepo. Kwanza, neno lililokopwa likiingia gerejini huanza maisha mapya. Mafundi wetu husema gari "linakosa sailensi" wakati injini haitulii ikiwa imesimama. Kwa Waingereza neno hilo ni kimya tu. Hakuna aliyepotezwa na mageuzi hayo, na hatuoni haja ya kwenda kuyasahihisha.

Jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi ni lile la mchanganyiko wa petroli na hewa. Rasimu inauita mchanganyiko wenye petroli nyingi "tajiri," na wenye hewa nyingi "maskini." Tafsiri hii imetokea pia katika maandiko mengine, kwa hiyo si kosa la mtu mmoja. Madereva walicheka, kisha wakabishana. Mmoja alisema pikipiki tajiri ni ile inayokula mafuta mengi, na hapo alikuwa karibu na ukweli. Mwingine akasema hapana, tajiri ni yenye nguvu na afya, na kwa hiyo mchanganyiko tajiri ndio unaotakiwa. Kwa mtu wa Mbeya, ambaye maradhi ya injini yake ni petroli kuzidi hewa, tafsiri hiyo ya pili inamfundisha ayapende maradhi. Utajiri na umaskini ni maneno ya sifa na aibu. Hayafai kupimia kitu ambacho kuzidi kwake na kupungua kwake vyote ni kasoro.

Tunapendekeza mchanganyiko mzito na mchanganyiko mwepesi. Kila jiko la Kiswahili linajua uji mzito na uji mwepesi, na hakuna mwenye kudhani kwamba uji ukizidi kuwa mzito ndivyo unavyozidi kuwa bora. Petroli ikae mahali pa unga na hewa mahali pa maji: picha inasimama. Lakini pendekezo hili lina mtego wake, na ni Iyunga ndiko tulikouona. Rasimu, ikieleza hali ya nyanda za juu, inasema kwamba huko "hewa ni nyepesi." Msomaji akishapewa mchanganyiko mzito na mwepesi, atadhani kwamba hewa nyepesi huzaa mchanganyiko mwepesi. Ukweli ni kinyume kabisa. Hewa ikiwa chache, petroli huzidi, na mchanganyiko huwa mzito. Fundi atakayekosea hapo ataongeza petroli mahali ilipokwisha kuzidi. Kwa hiyo tunaona ni bora kusema hewa haba. Haba haina uzito wala wembamba. Inasema kiasi tu, na kiasi ndicho kilichopungua. Kisha sentensi inajieleza yenyewe: mahali penye hewa haba mchanganyiko huwa mzito, na dawa yake ni jeti ndogo zaidi. Vivyo hivyo mtu atakayeiteremsha pikipiki yake hadi Kyela, kwenye meta 500 hivi, arudishe jeti ya awali, kwa maana huko mchanganyiko utakuwa mwepesi kupita kiasi, na injini itachemka.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kichwa cha sehemu hiyo ya rasimu: "Kuongeza Hewa ili Kuboresha Utendaji." Kila neno katika kichwa hicho linapotosha. Boksi la hewa likitobolewa, hewa ya Mbeya haigeuki kuwa ya pwani. Kilichopungua ni mgandamizo wa anga yenyewe, si upana wa tundu. Kutoboa hupunguza kizuizi kidogo, na faida yake, ikiwapo, huonekana injini inapozunguka kwa kasi kubwa sana. Bodaboda anayebeba abiria na gunia la viazi hayuko katika kasi hiyo. Yeye anataka chombo kivute toka chini, na mara nyingi kutoboa boksi au kulitoa humpunguzia mvuto huo huo anaoutafuta, kwa sababu umbo la boksi na urefu wa mrija wake vilipimwa pamoja na kabureta. Kinachoongezeka bila shaka ni sauti. Boksi lile hutuliza pia mngurumo wa hewa inayonyonywa. Likiondolewa injini hunguruma, na dereva huuhesabu mngurumo kuwa nguvu. Kichwa cha habari kingesema "kurekebisha njia ya hewa." Na utendaji, neno la ofisini ambalo kila mtumishi wa serikali hulijua kwa ripoti za mwaka, halikumwambia kitu hata mmoja wa wasikilizaji wetu. Wao wana maneno mawili: kuvuta na kukimbia. Maneno hayo yanatofautisha nguvu ya kupandia mlima na mwendo wa tambarare, jambo ambalo utendaji hauwezi kulifanya. Pikipiki inaweza kukimbia na isivute.

Isidhaniwe kwamba tunawapa mafundi ushindi kila mahali. Wao nao wana neno linalowaponza, nalo ni eya klina. Kwa neno hilo moja huita sponji inayochuja, na huita pia boksi zima lenye kuihifadhi. Fundi mkuu akimwambia mwanafunzi "toa eya klina," mmoja atatoa sponji aioshe, mwingine atafungua skrubu na kuliweka boksi lote kando. Tumeambiwa, nasi hatuna sababu ya kukanusha, kwamba pikipiki kadhaa zilianza kutembea bila boksi kwa namna hiyo hiyo: lilitolewa kwa kazi ya siku moja, likasahauliwa, kisha dereva akaipenda sauti. Hapa Kiswahili sanifu kina neno bora, na tunalitetea bila kusita. Chujio la hewa ni sponji au karatasi inayonasa vumbi. Boksi la hewa ni nyumba yake. Chujio ni neno ambalo mama yeyote apikaye chai analo mkononi, na halijawahi kumaanisha sufuria.

Mwenzetu mmoja aliyeisoma ripoti hii alituuliza kama kweli mafundi husoma maelekezo. Wengi wao hawasomi yaliyopo, kwa kuwa yapo kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha kikaba na tajiri. Katika kata ile ile ipo Shule ya Sekondari ya Ufundi ya Iyunga. Sekondari zetu hufundisha sayansi kwa Kiingereza, na kijana atokaye huko akiingia gerejini hukuta kazi yote inasemwa kwa Kiswahili. Kati ya lugha hizo mbili hakuna karatasi inayomvusha. Kazi hiyo ndiyo iliyolifanya Baraza lianze kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu mwaka 1974, na kwa maoni yetu orodha ya maneno haikutosha wakati ule wala haitoshi leo. Istilahi isomwe ndani ya agizo, mbele ya mtu mwenye bisibisi mkononi, kisha tumwangalie anashika nini.

Kwa hiyo tumeirudisha rasimu kwa mfasiri pamoja na sentensi hizi kuwa mfano: "Toa chujio la hewa ndani ya boksi. Boksi lenyewe lisitolewe wala lisitobolewe. Osha sponji kwa maji ya vuguvugu na sabuni, bana kwa viganja, usisongoe. Ikikauka, ilowanishe kwa oili safi, kisha bana tena hadi oili isidondoke. Usitumie petroli. Mahali penye hewa haba, kama Mbeya au Njombe, mchanganyiko ukiwa mzito, fundi abadili jeti ya kabureta." Tuliyasoma mambo hayo Iyunga mara ya pili, na mikono yote ilikwenda kwenye sponji.

Limebaki neno moja ambalo hatujaliridhia. Ule mrija mfupi unaoingiza hewa ndani ya boksi rasimu inauita pua. Mafundi wengine waliuita mdomo, wengine mkonga. Pua inavutia kwa kuwa injini husemwa kwamba inapumua, lakini katika rasimu ile ile ncha ya kinyunyizio imekwisha kuitwa pua. Mkonga tunaupenda kwa umbo lake. Walimu wa ufundi wenye neno linalotumika tayari katika karakana zao watuletee, pamoja na sentensi waliyolisikia ndani yake.