Ngagi Aliyevaa Fulana

Leo tuache siasa kidogo, tuzungumze sanaa ile inayoingia mkononi: sanamu ndogo za ngagi. Kila anayepita Bukavu amekwisha kuziona. Gorila wa mti au wa udongo, urefu wa kidole mpaka kiganja, anauzwa kwa mgeni aliyetoka kutembelea Kahuzi-Biega. Sisi wa Katana tuko karibu na Lwiro na mlima ule tunauona, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza: huyu wa kuuzwa ndiye yule wa porini?

Mwili mara nyingi umechongwa vizuri. Mabega mazito, kichwa chenye kilele, mikono mirefu kuliko miguu. Shida iko kwenye rangi. Mwili wote mweusi tii, halafu mgongoni kipande cha kijivu kilichokatwa kwa mstari mnyoofu. Ukisimama hatua tatu, utasema ngagi amevaa fulana.

Mtu atacheka: kosa dogo hilo! Si dogo. Ule mgongo wa fedha ndio umri wa mnyama. Dume kijana ana mgongo mweusi. Kuanzia karibu miaka 12 nywele za mgongoni zinaanza kugeuka, na dume mkubwa wa namna hiyo ndiye anayeongoza familia. Hifadhi yetu ilianzishwa mwaka 1970 na kuingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980, na ngagi hawa ndio sababu kubwa ya wageni kuja. Sasa tukimpaka mzee kama vile amevalishwa yunifomu, tumeuza umbo lake tukaacha uzee wake.

Ukiuliza wapakaji, jibu linafanana: "Rangi inakaukaka mbio sana, njo maana." Na ni kweli. Akriliki ni chembe za plastiki zilizomo ndani ya maji. Maji yakitoka, chembe zinashikamana, na hazirudi tena kuwa rangi ya maji. Rangi ya mafuta haikauki hivyo: inashika polepole kwa hewa, siku nyingi, na mchoraji ana muda wa kuvuta nyeusi iingie ndani ya kijivu. Akriliki juu ya sanamu ndogo, wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, hewa kavu na upepo, inakupa dakika chache tu. Ukirudisha brashi umechelewa, unachuna ngozi ya rangi.

Dawa zipo, na si za matajiri. Weka sponji yenye maji kwenye sahani, juu yake karatasi ya kuokea mikate, changanyia rangi hapo: itabaki mbichi muda mrefu. Fanya kazi asubuhi, mbali na jua na upepo. Lowanisha sehemu kidogo kabla ya kupaka. Kuna vimiminika vya kuchelewesha rangi vinavyouzwa na watengenezaji wa rangi. Wengine wanatumia tone la gliserini ya famasi ndani ya maji. Lakini ukizidisha, sanamu itabaki inanata na kukusanya vumbi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mti.

Hapa sasa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaosema: chelewesha rangi tu, kila kitu kitakuwa sawa. Nimeona pia sanamu zilizopakwa polepole, nyeusi ikayeyuka ndani ya kijivu laini kama moshi. Ni nzuri kwa macho, lakini bado si ngagi. Fulana imeondoka, imekuja poda.

Angalia kichwa cha babu yako. Mvi haziko kama rangi mbili zilizochanganywa kwenye sahani. Kuna unywele mweusi, kuna mweupe, pembeni mweusi ni mwingi, katikati mweupe umeshinda. Macho yako ndiyo yanayochanganya. Mgongo wa ngagi uko vilevile. Kwa hiyo acha nyeusi ikauke kabisa, chukua kijivu kidogo, futa brashi kwenye kitambaa mpaka iwe karibu kavu, pitisha juu ya manyoya yaliyochongwa. Rangi inashika penye kuinuka tu, penye bonde inabaki nyeusi. Rudia kwa kijivu cheupe zaidi, eneo dogo zaidi. Kazi hiyo inataka rangi inayokauka mbio! Kile tulichokiita adui kumbe kilikuwa msaidizi. Polepole tuiweke usoni, kwenye kifua na viganja, fasi ambazo ngozi iko wazi na mwanga unateleza.

Wakubwa wetu walilijua jambo hili kila mmoja kwa njia yake. Bodys Isek Kingelez (1948–2015), aliyejenga Kinshasa miji midogo ya kartoni na karatasi, rangi zake zinakutana kwa makali, bila kuyeyuka. Inafaa, maana ni majengo ya ndoto, huoni watu ndani, na karatasi yenyewe ina ukingo. Mwaka 2018 MoMA ya New York ilimwandalia maonyesho makubwa. Chéri Samba naye, katika J'aime la couleur ya 2003, anatumia akriliki hiihii, lakini ngozi ya uso wake ina mwanga na kivuli, maana ngozi inadai hivyo. Kingelez angeweka vivuli laini kila ukuta, mji ungechoka. Samba angeacha uso bapa, ule uso uliochanwa kama utepe usingetushtua.

Basi tusianze na swali la namna ya kuchelewesha rangi. Tuanze na hili: kitu hiki kimeumbwa na nini, nywele, ngozi au ukuta? Brashi itafuata. Na wewe uliyesoma ukapata dipoloma, siku ukinunua ngagi kwa kupelekea rafiki wa mbali, mgeuze mgongo kwanza. Ukiona mstari mnyoofu, mwambie aliyempaka, kwa heshima, na umlipe vizuri yule anayemtengeneza mzee mwenye mvi zake.