Jeraha la kichwa Goma: kazi inayotangulia kisu

Kati ya tarehe 26 na 30 Januari 2025, siku waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Umoja wa Mataifa ulitaja watu wasiopungua 700 waliouawa na 2,800 waliojeruhiwa. Wengi walipelekwa Hospitali ya CBCA Ndosho, magharibi mwa mji, ilikokuwa ikifanya kazi timu ya upasuaji ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Vitanda vilikuwa 146. Vilipojaa, majeruhi walilazwa kwenye mahema na sakafuni.

Katika msongamano wa namna hiyo hakuna uamuzi mzito kama ule wa aliyejeruhiwa kichwani. Kanuni ya upasuaji wa vita ni ngumu kuisikia: risasi ikiwa imepita pande zote mbili za ubongo, mboni zote mbili zimetanuka na hazijibu mwanga, mtu huyo hutulizwa maumivu, asiachwe peke yake, na chumba cha upasuaji hupewa anayeweza kupona. Naiunga mkono kanuni hiyo, kwa sharti kwamba apimwe tena msongamano unapopungua.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Ni mizani ya Glasgow, iliyotungwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974: macho alama 4, usemi 5, mwendo wa viungo 6. Muuguzi huita, “Baba, fungua macho!” Asipojibu, humbana ukucha kwa kalamu na kutazama mkono: je, unavutwa, unakunjika, au unanyooka ukikakamaa? Anayepata 8 kushuka chini mara nyingi hawezi kuilinda njia yake ya hewa. Lakini alama moja pekee haitoshi. Aliyekuwa na 14 saa tatu usiku akawa na 11 saa nne ananitia hofu kuliko aliyefika na 11 akabaki nayo.

Kwa nini? Kwa sababu ubongo huumia mara mbili. Pigo la kwanza limeshapita, hakuna daktari wa kulirudisha. La pili huja baadaye, damu inapopungua, hewa inapokosekana, uvimbe unapobana ndani ya fuvu lisilotanuka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba namba ya juu ya shinikizo la damu ikishuka chini ya 90 hata mara moja, vifo huongezeka karibu maradufu. Hivyo kuzuia damu inayotoka mguuni, kumpa majeruhi maji ya mshipani na kumwekea oksijeni ni kuutibu ubongo. Mashine ya kuchuja oksijeni hutumia umeme, na siku zile Goma ilikuwa imekatiwa umeme na maji. Mafuta ya jenereta yalikuwa sehemu ya tiba.

Kwenye meza ya upasuaji, Msalaba Mwekundu hufundisha kiasi: ondoa nyama iliyokufa na vipande vya mfupa vinavyofikika, osha, ziba utando mgumu wa ubongo, funga ngozi. Chuma kilichozama ndani sana hakifukuzwi, kwa kuwa kukitafuta huharibu ubongo usiojeruhiwa ulio njiani. Kazi hiyo daktari wa upasuaji wa kawaida aliyefunzwa vizuri anaiweza.

Jambo moja liachwe kabisa: kudunga deksamethazoni au dawa za jamii yake kwa jeraha la kichwa. Utafiti wa CRASH wa 2004, wenye wagonjwa 10,008, uligundua kwamba dawa za kundi hilo ziliongeza vifo. Asidi ya traneksamiki ndiyo yenye ushahidi kwa majeraha yasiyo makali sana, ikitolewa ndani ya saa 3, kwa mujibu wa utafiti wa CRASH-3 wa 2019.

Saa 3 ni chache kwa mtu anayetoka mji wa Sake, magharibi mwa Goma, na nyingi hupotea barabarani. Vita au amani, pikipiki bado zinaangusha watu Goma. Anayeinuka, akaongea, kisha akaanza kusinzia na kutapika huenda anavuja damu chini ya fuvu; asilazwe nyumbani “apumzike”. Nanyi mnaobeba majeruhi: msimkalishe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki kichwa kikining’inia. Tafuteni gari. Mlazeni ubavu, kichwa na shingo vishikwe vikiwa vimenyooka, asipewe maji wala chakula, na mkifika mwambieni muuguzi saa kamili aliyoumia.