Historia ya Kanada Mbele ya Wanafunzi

Katika kila historia yako mambo ambayo mwandishi ayapenda, naye huyaeleza kwa kituo; tena yako mengine yamwonayo haya, naye huyapita upesi, kama mtu apitaye penye nyumba ya mdai wake. Kwa alama hiyo twaweza kupima kitabu cha historia. Leo nataka kupima jinsi habari za Kanada, tangu mwaka 1867 hata siku zetu, zilivyosimuliwa kwa vijana wa shule za sekondari za nchi ile. Yamkini msomaji atasema, Kanada i mbali, yatuhusu nini? Namsihi avumilie, maana katika habari hizi Kanisa limo, tena limo ndani sana.

Masimulizi ya zamani yalikuwa na mpango mwepesi kukumbukwa. Tarehe 1 Julai 1867 makoloni matatu ya Kiingereza yaliungana yakawa dola moja yenye majimbo manne: Ontario, Quebec, Nova Scotia na New Brunswick. Mwaka 1885 reli ya kuvuka nchi hata bahari ya magharibi ikakamilika. Aprili 1917 askari wa Kanada wakautwaa mlima wa Vimy huko Ufaransa, na watu wao 3,598 wakafa. Mwaka 1931 sheria ya Bunge la Uingereza ikaipa nchi uhuru wa kujitungia sheria zake, na mwaka 1982 katiba ikahamishiwa nyumbani. Ndivyo ilivyosimuliwa, kama habari za mtoto akuaye hata akawa mtu mzima. Mambo haya yote ni kweli, wala sitaki yafutwe, kwani mwanafunzi asiyeyajua hawezi kuifahamu Kanada.

Walakini itazameni reli ile. Msumari wa mwisho ulipigwa tarehe 7 Novemba 1885. Siku tisa baadaye, tarehe 16, Louis Riel, kiongozi wa watu wa Métis, alinyongwa mjini Regina. Mambo hayo mawili si mageni kwa jingine, kwa maana reli hiyo hiyo, kabla haijakwisha, ndiyo iliyowachukua askari waliokwenda kuwashinda watu wa Riel. Kadhalika, Wachina kwa maelfu walivunja majabali ili njia ipite. Na mwaka ule ule wa 1885 serikali ikaweka kodi ya dola 50 juu ya kila Mchina aingiaye nchini. Mwaka 1903 kodi ikawa dola 500, na tangu 1923 hata 1947 mlango ulikuwa karibu kufungwa kabisa. Kitabu kiwekacho reli katika sura moja, na Riel na Wachina katika sura nyingine mbali, hakikusema uongo. Lakini kimekata uzi, na mwanafunzi hawezi kuushona tena.

Sasa nafika penye jambo zito kupita yote. Kwa muda wa zaidi ya miaka 100 serikali ya Kanada na makanisa walishirikiana kuendesha shule za bweni kwa watoto wa wenyeji wa asili. Watoto wapata 150,000 walipita humo. Wengi walikatazwa kusema lugha za mama zao, na mwaka 1920 sheria ikawapa watumishi wa serikali nguvu ya kuwalazimisha wazazi. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Hata hivyo vitabu vingi vya shule vilinyamaza kwa muda mrefu. Na vilipoanza kusema, vilisema kwa kunong'ona.

Angalieni lugha ya mnong'ono huo. Husemwa ya kuwa watoto walipelekwa, lugha zilipotea, maradhi yalizuka. Nauliza kama tuulizavyo katika somo la sarufi: mtenda yu wapi? Lugha haipotei kama ng'ombe aliyekata kamba. Mtu mmoja alitunga amri, wa pili akaitia sahihi, na wa tatu akashika fimbo.

Wako wajiteteao wakisema watu wa zamani hawakujua. Neno hili halisimami. Mwaka 1907 Daktari Peter Bryce, mganga mkuu wa idara iliyosimamia mambo ya wenyeji, alitoa taarifa juu ya shule 15. Katika wanafunzi 1,537 ambao habari zao zilipatikana, karibu robo walikuwa wamekwisha kufa, wengi kwa kifua kikuu. Aliomba matengenezo, wakubwa wake hawakuyatenda. Mwaka 1922, akiisha kutoka kazini, alipiga chapa kijitabu akiliita jambo hilo uhalifu wa taifa. Basi walijua. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Upatanisho, chini ya Jaji Murray Sinclair, ilitoa wito 94. Wito wa 62 wataka habari za shule hizo na za mapatano ya kale zifundishwe katika madarasa yote. Northwest Territories na Nunavut walikuwa wamekwisha kuanza tangu 2012. Haya ni mema. Lakini hapa pia nina neno la kulaumu. Sura moja ya majonzi ikiongezwa mwishoni ni kiraka juu ya nguo, si uzi wa nguo. Tena yaweza kumfanya kijana adhani kwamba wenyeji waliingia katika historia ili wateswe tu. Sivyo. Mwaka 1969 serikali ilipotaka kuiondoa hali yao ya pekee katika sheria, waliipinga hata shauri likaachwa. Na katiba ya 1982 yatambua haki zao, kwa kuwa wao wenyewe walizipigania. Kitabu chema kitawaonyesha wakitenda, si wakitendwa tu.

Labda ndugu fulani aogopa, asema, Tukiwaambia vijana makosa ya Kanisa, imani yao itatikisika. Namwomba afungue Biblia yake. Habari za Daudi zimeandikwa mara mbili. Kitabu cha Mambo ya Nyakati hakimtaji mke wa Uria katika habari za vita vya Raba. Kitabu cha Samweli chasimulia yote, pamoja na nabii Nathani aliyemkemea mfalme. Je, ni nani aliyeacha imani kwa sababu ya Samweli? Bali wengi walijifunza humo kutubu. Makanisa yenyewe yamekwisha kusema: Waanglikana wa Kanada waliomba radhi mwaka 1993, Wapresbiteri 1994, na Papa Fransisko alikwenda Maskwacis mwezi wa Julai 2022 kuomba msamaha. Ikiwa wakosaji wamekiri, mwandishi wa kitabu amficha nani?

Basi nawashauri walimu wenzangu, wanapofundisha historia ya nchi yo yote, wawazoeze wanafunzi maswali matatu: Nani alitenda? Nani alijua? Na nani aliachwa nje ya masimulizi? Kitabu kisichoweza kuyajibu si lazima kitupwe. Lakini kisisomwe peke yake.