Kuupima Muda Ulioporwa

Kazi ya kuvizia makatizo ya SMI, yaani makatizo ya usimamizi wa mfumo, haihitaji maabara. Hapa Chepilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira kwenye barabara ya Sotik kwenda Kisii, laptop ya mtumba yenye prosesa ya Intel na Linux ndani yake inatosha kabisa. Kinachohitajika zaidi ni subira, pamoja na uaminifu wa kutoipa namba maana kabla hujajua imetoka wapi.

Makatizo haya yalianza na prosesa ya 386SL, ambayo Intel iliitoa mwaka 1990 kwa ajili ya kompyuta za kubebeka. SMI ikiingia, prosesa huacha chochote inachofanya, huhifadhi hali yake katika sehemu ya kumbukumbu iliyofichwa, na kuanza kutekeleza msimbo wa fimwea. Msimbo huo ukimaliza, agizo moja liitwalo RSM huirudisha prosesa palepale ilipokatizwa. Nia ya awali ilikuwa kuokoa betri. Siku hizi fimwea hutumia nafasi hiyo pia kusimamia joto, kuandika hitilafu za kumbukumbu, au kuifanya kibodi ya USB ieleweke na programu za zamani. Linux haiulizwi wala haiarifiwi, na kwa kawaida viini vyote vya prosesa husimama kwa pamoja hadi shughuli iishe.

Utampimaje mgeni anayeingia na kutoka wakati umezimia? Kwa saa. Kihesabu cha mizunguko kilichomo ndani ya prosesa hakisimami fimwea inapotawala. Anayekisoma bila kupumzika ataona namba zikipanda kwa hatua ndogondogo, kisha ghafla zinaruka. Mruko huo ndio muda ulioporwa.

Jon Masters alipokuwa Red Hat mwaka 2008 na 2009 aliijenga programu yake juu ya wazo hilo. Steven Rostedt akaiandika upya, na ikaingia katika kerneli ya Linux 4.9 mwezi Desemba 2016 kwa jina la hwlat. Ninachokipenda katika programu hiyo ni jinsi inavyoanza kwa kujinyamazisha yenyewe. Huzima makatizo ya kawaida katika kiini inachokitumia, ili pengo likitokea isisingiziwe kadi ya mtandao wala diski. Kisha husoma saa mara mbili mfululizo, na kurudia, na kurudia. Hupima pengo kati ya visomo hivyo viwili, halafu hupima pia pengo kati ya kisomo cha mwisho cha mzunguko mmoja na cha kwanza cha mzunguko unaofuata, kwa sababu katizo linaweza kuangukia hata pale programu inapofanya hesabu zake. Isipowekewa masharti mengine, hutazama nusu sekunde katika kila sekunde na kuripoti pengo lolote linalozidi maikrosekunde 10. Nusu ya pili huiachia mashine ifanye kazi zake.

Kungoja ni nusu ya ufundi. Nusu nyingine ni kulisababisha katizo lenyewe. Katika mashine nyingi za Intel, kuandika baiti moja kwenye mlango wa 0xB2 kunazua SMI. Fundi makini haandiki baiti yoyote tu. Kwanza husoma jedwali la ACPI (mfumo wa usimamizi wa umeme) liitwalo FADT, linalotaja mlango huo pamoja na baiti zinazowasha na kuzima ACPI, ili asije akaipokonya Linux usimamizi wa umeme bila kukusudia. Huhifadhi kazi zake zote. Kisha husoma rejista ya 0x34, ambamo prosesa za Intel tangu kizazi cha Nehalem cha 2008 huhesabu kila SMI iliyopita. Huandika baiti, husoma tena. Hesabu ikipanda kwa moja, katizo limethibitika.

Umebaki muda. Mkulima anayepeleka majani chai kituoni anajua kwamba uzito wa gunia hutolewa kabla ya kilo kuandikwa. Hapa pia kuna gunia: kuandika kwenye mlango wowote wa aina hii huchukua muda wake, takribani maikrosekunde moja, hata kama hakuna katizo. Kwa hiyo fundi huandika kwanza mara nyingi kwenye mlango wa 0x80, unaotumika kwa uchunguzi na usiozua SMI, na kupima. Kisha hupima 0xB2. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo gharama ya SMI.

Gharama hiyo si ndogo. Prosesa ya gigahezi 2.5 ikisimamishwa kwa maikrosekunde 100, imepoteza mizunguko 250,000. Programu ya Intel ya kukagua BIOS, yaani fimwea, iitwayo BITS, huonya SMI ikizidi maikrosekunde 150. Anayerekodi muziki kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, akizipokea 64 kwa mkupuo, ana milisekunde 1.33 tu kwa kila mkupuo. SMI moja ya maikrosekunde 150 humlia zaidi ya sehemu ya kumi ya muda huo. Ndiyo maana mafundi wa kazi zisizovumilia kuchelewa hawaridhiki na wastani. Huuliza pengo refu kuliko yote lilikuwa la kiasi gani.

Na hata jibu hilo hulitoa kwa tahadhari. Mashine iliyopimwa saa nzima bila pengo imetoa ushahidi wa saa hiyo tu; joto la mchana au hitilafu ya kumbukumbu inaweza kuleta makatizo ambayo asubuhi hayakuwepo. Kwa hiyo kando ya pengo refu kuliko yote huandikwa muda wa kupima, kazi ambayo mashine ilikuwa ikiifanya, na toleo la fimwea. Kipimo kilichoandikwa hivyo mtu mwingine anaweza kukirudia kwa mashine yake na kukibishia kwa haki, na ufundi huu umefika ulipo kwa sababu wapo walioukubali ubishi huo.